Mita Tano na Nusu

Dari ya Bi Shinuna, huku Amerati,
ni mita tano na nusu kutoka vigae.
Nimeipima kwa futikamba, kisha kwa shingo.
Bodi za jipsamu zimekwisha kupigwa skrubu,
maungio yako wazi kama mishono ya gunia,
na mwiko wangu, uliozoea vyumba vya mita tatu,
unanitazama.

"Ngazi ipo stoo," anasema mwenye nyumba
kwa Kiswahili cha Wete alichohama nacho utotoni,
kikakaa Maskati miaka hamsini bila kushika kutu.
"Ya nini kukodi?"

Bibi, ngazi ni ya kupandia, si ya kuishi.
Mkono mmoja umeshika ngazi, wa pili umeshika mwiko:
sahani ya puti aishike nani?
Na puti haimsubiri mtu. Nje ni digrii arobaini na nne,
viyoyozi bado viko kwenye maboksi;
nikishuka kuisogeza ngazi hatua moja
nitarudi nikute ukingo umekauka,
na palipokauka pana kovu.

Sikumwambia habari ya Inayati, kule Barka, mwaka juzi.
Ngazi ilikuwa ya mita tatu tu.
Sahani ilitangulia, tukaisikia.

Basi Ghala, saa mbili asubuhi, dukani kwa Shaji.
Rafikul, msaidizi wangu, kavaa mironjo ya alumini,
anatembea kama korongo katikati ya ndoo za rangi
na wauzaji wote wanacheka.
Vua, mwanangu. Hiyo inakupa mita moja.
Kwa ukumbi wa jikoni, sawa.
Hapa tungehitaji nne, na sakafuni kumejaa nyaya.

Lipo jukwaa la mkasi, linapanda kwa umeme,
zuri kama kiti cha kinyozi.
Riali thelathini kwa siku. Mlango wa majlisi haulipitishi,
na marumaru ya Bi Shinuna haitalisamehe.

Nikachagua mnara wa mabomba wenye magurudumu.
Nilimwambia Shaji: nisimamishie hapahapa.
Nikautikisa. Nikapanda, nikaruka juu ya ubao,
nikaegemea ukingo kwa nyonga, pale nitakapoegemea
nikisahau niko wapi.
Breki tatu zilikamata.
Ya nne ilizunguka taratibu, kama mgeni anayeaga.
"Tatu zinatosha," akasema.
Zinatosha nani, Shaji?
Akaleta gurudumu jingine.

Ikabaki mashine ya msasa, ile ya shingo ndefu
mafundi wanayoiita twiga.
Moja ina nguvu, nyingine ina wepesi,
na karatasi zao zote mbili zinajisifu.
Sikusoma karatasi. Niliiinua ya kwanza juu ya kichwa
nikaanza kuhesabu.
Kwenye sitini bega la kulia likajibu.
Ya pili nilifika mia moja na kumi,
nikaishusha kwa hiari yangu.
Nina miaka arobaini na tisa; bega ndilo lenye duka.

Na taa. Rafikul alitaka kubwa ya kusimama katikati.
La, ndogo, ya kulaza ubavuni mwa dari,
maana majlisi ina dirisha la juu upande wa magharibi,
na jua la alasiri ni mkaguzi asiyehongeka:
huingia kwa pembeni, akasoma kila mshono.
Bora nimtangulie.

Riali tisini na mbili kwa siku sita, na kitambulisho changu
kikabaki kwenye droo ya Shaji kama amana.

Siku ya sita, saa kumi, Bi Shinuna akatandika mkeka
akalala chali, viatu kando,
akaangalia juu muda mrefu.
"Mbona sioni kitu?"

Ndicho nilichokuuzia, bibi.

Akacheka, kisha akanyamaza, akaendelea kulala pale
huku Rafikul akiuvua mnara bomba kwa bomba.

Jioni Shaji alihesabu magurudumu: manne.
Akanirudishia kitambulisho.
Nilipokishika, dole gumba langu
liliacha alama nyeupe juu ya sura yangu.